Cheti cha Kunawa Mikono

Barua ilifika siku ya kliniki ya watoto, nikiwa nimeshika sindano ya chanjo mkono mmoja na paja la mtoto mkono wa pili. Mama mfawidhi, mganga aliyekuwa akisimamia kituo chetu cha afya pale upande wa Bigwa, Morogoro, alisimama mlangoni akaisoma kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Shirika fulani la nje lilikuwa limeandaa mafunzo ya usafi wa mikono kwa watumishi wa afya. Mafunzo yenyewe yalikuwa kwenye kompyuta, kwa njia ya intaneti. Kila kituo kitoe mtu mmoja.

"Nani hapa anajua kompyuta?" akauliza.

Tulikuwa watumishi sita. Watano wakatazama sakafu. Mimi nikainua mkono, ule ule wenye sindano.

Kompyuta nilikuwa nimeziona, hilo ni kweli. Moja niliiona benki, kwa kuchungulia dirishani, na nyingine kwenye ofisi ya parokia, imefunikwa kitambaa kilichotariziwa maua. Nilichokijua mimi ni taipureta, nayo kwa vidole viwili. Lakini ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Redio za watu binafsi zilikuwa zinaongezeka, mitumba imejaa kila kona, makampuni ya simu yanagombea wateja. Viwanda vya mjini navyo vilikuwa vinauzwa, vingine vinafungwa kabisa, na watu waliojua kazi moja tu maisha yao yote walikuwa wanaachwa barabarani. Mtu wa arobaini na ushei kama mimi aliogopa sana kuonekana wa zamani. Ndiyo maana nilikuwa muuguzi pekee pale kituoni mwenye simu ya mkononi. Niliivaa kiunoni, ndani ya kifuko cha ngozi, na kila baada ya dakika chache niliipapasa kuhakikisha ipo, ingawa watu waliokuwa na namba yangu hawakufika kumi.

"Wewe?" mama mfawidhi akasema.

"Mimi, mama."

"Unaijua kompyuta?"

"Naifahamu."

Aliniangalia kama anavyomwangalia mgonjwa anayedai amemaliza dawa zote. "Haya," akasema. "Ukirudi utatufundisha sote."

Jumamosi ya kwanza nilivaa tai. Mpaka leo sijui nilidhani nani ataniona kupitia ile kompyuta, lakini nilivaa tai, nikanyoosha suruali, nikashuka mjini. Chumba cha intaneti kilikuwa nyuma ya soko, kirefu na chembamba, zamani kilikuwa stoo ya vitenge. Kilikuwa na kompyuta tatu za mtumba na feni moja. Mwenye chumba alikuwa amefanya kazi ya ufundi mitambo kwenye kiwanda kimoja cha nguo kwa miaka mingi. Kiwanda kilipouzwa na wafanyakazi wakapunguzwa, yeye na kiinua mgongo chake wakaingia kwenye kompyuta. Alikuwa mtu mpana, mwenye mikono mikubwa iliyobaki na alama nyeusi za grisi kwenye mistari ya viganja. Kila mtu alimwita fundi.

Alinikalisha, akafungua ukurasa wa mafunzo kwa anwani iliyokuwa kwenye barua, akaniachia. Nikaishika ile mausi, nikainyanyua, nikaielekeza kwenye skrini kama watu wanavyofanya na rimoti ya televisheni, nikaibonyeza. Hakuna kilichotokea. Nikaisogeza karibu zaidi. Nikabonyeza tena.

"Kaka," fundi akasema kwa upole, bila kucheka, jambo ambalo nitamshukuru daima. "Hiyo inatembea juu ya meza. Hairuki."

Nilimwambia kwamba zile ninazozitumia kazini ni za aina nyingine.

Mafunzo yalikuwa ya Kiingereza, masomo matano, na mwisho mtihani. Aliyefundisha alikuwa mwanamke asiyeonekana uso, mwenye sauti laini ya mtu ambaye hajawahi kukatikiwa maji. Kilichoonekana ni mikono tu, mizuri, mirefu, ikifungua bomba kwa kiwiko, ikijifuta kwa karatasi nyeupe na kuitupa. Somo la kwanza lilieleza kwa nini tunawe. Somo la pili lilikuwa la vitendo. Sauti ikasema tufanye pamoja nayo.

Nikafanya. Nikasugua kiganja kwa kiganja, nikapitisha vidole katikati ya vidole, nikasugua migongo ya mikono. Tulipofika kwenye kidole gumba, mtandao ukakwama. Ile mikono kwenye skrini ikaganda, gumba likiwa ndani ya ngumi. Nami nikaganda, gumba langu likiwa ndani ya ngumi, maana sauti haikuwa imeniambia niache. Nilikaa hivyo nikisubiri, na tai yangu, nikitazama mbele, mpaka msichana mmoja mwanafunzi aliyekuwa kwenye kompyuta ya pembeni akasogeza kiti chake mbali nami taratibu, kama mtu aliyekaa karibu na mgonjwa wa akili na hataki kumshtua.

Jumamosi ya pili nilimaliza somo la tatu. Somo la nne lilihusu vitu vinavyomzunguka mgonjwa, yaani kila anachogusa muuguzi kati ya kunawa na kutibu. Halikufunguka. Tulijaribu hiyo Jumamosi, tukajaribu na Jumamosi iliyofuata. Duara dogo lilizunguka tu katikati ya skrini. Fundi aliniambia nirudi siku nyingine, laini ikiwa nyepesi. Lakini nilikuwa nimeshawaambia watu kituoni kwamba namaliza wiki hiyo. Nikajiambia mtu aliyefanya kazi wodini miaka kumi na minane hawezi kushindwa kujua vitu. Nikaliruka, nikaenda kwenye somo la tano, kisha mtihani.

Nikafeli.

Kompyuta ilinieleza hilo kwa herufi nyekundu na kwa heshima kubwa. Nilitazama nyuma yangu kuona kama msichana yule yupo. Hakuwepo. Fundi alikuwepo, amesimama na kikombe cha chai.

"Inaruhusu kurudia," akasema. "Hebu nisomee, tuone inataka nini."

Basi nikawa nasoma swali kwa Kiingereza, namtafsiria, kisha tunajadiliana. Aibu yenyewe ni kwamba mara nyingi alikuwa sahihi yeye. Swali la sehemu zinazosahaulika wakati wa kunawa mimi nilitaka kujibu viganja. Fundi alikataa kabisa.

"Gumba na ncha za vidole," akasema. "Mimi nimetoa grisi mikononi miaka yote ile. Viganja vinatakata vyenyewe. Ukirudi nyumbani mke anaona gumba."

Maswali ya somo la nne tuliyajibu kwa kubahatisha, yeye akichagua moja na mimi lingine. Tukafaulu. Printa ikalia kwa muda mrefu, ikatoa karatasi yenye ukingo wa dhahabu na jina langu kwa herufi za kujikunja, ambazo nilizisoma mara nne nikiwa nimesimama.

"Hongera," fundi akasema. "Robo yake ni yangu."

Nilicheka, lakini moyoni sikupenda ule utani.

Kituoni nilikitundika cheti kwenye ukuta wa chumba cha kufungia vidonda, ambacho ndicho kilikuwa chumba changu, kimo cha macho ya mtu aliyekaa. Kisha nikaanza kuwatesa watu. Nasema kuwatesa kwa sababu sipati neno jingine. Maji ya bomba yalikuwa yanatoka siku mbili tatu kwa wiki, na siku nyingine tulitumia ndoo ya plastiki yenye koki, iliyowekwa juu ya stuli. Nilisimama karibu na ile ndoo nikihesabu sekunde kwa sauti wakati wenzangu wananawa. Mtu akimaliza mapema namrudisha. Mhudumu wetu wa usafi, mama mtu mzima ambaye ndiye aliyekuwa akiyachota hayo maji tangu kwenye kijito, alirudishwa mara mbili siku moja. Alirudi akanawa, akanitazama, akasema tu, "Sawa, daktari." Mimi si daktari. Nilipokea.

Niliandika pia orodha ya mahitaji, nikampelekea mama mfawidhi. Niliomba koki za kufunguliwa kwa kiwiko, karatasi za kujifutia, na dawa ya kusugulia mikono iwekwe kwenye kila kitanda.

Alisoma yote. Akachukua kalamu yake, juu kabisa ya orodha akaandika neno moja: *Maji.* Akanirudishia.

Sasa nifike kwa baba mkwe.

Mimi ni mtu wa kuja Morogoro, kwetu ni Nyanda za Juu Kusini. Mke wangu ni Mluguru wa Mgeta, na baba yake alikuwa mkulima wa mboga huko juu. Alilima kabichi, karoti na njegere, kwenye miteremko ambayo mimi nikiipanda nashika majani kwa mikono yote miwili na yeye anaipanda na kapu kichwani. Alikuwa mzee mwenye maneno machache na heshima nyingi. Siku nilipokwenda kuposa hakuniuliza kabila wala mshahara. Aliniuliza kama nalala mapema.

Msimu ule alijikata na jembe mguuni, kwenye ugoko, akipalilia. Kidonda kikawa hakifungi. Zahanati ya huko waliishiwa vifaa, wakamwambia ateremke. Naye akajisemea, kwani mkwe wangu anafanya kazi gani? Akapanda lori la mboga alfajiri, akateremka mjini, akapata usafiri mpaka kituoni kwetu. Hakunipigia simu kwa sababu hakuwa na simu, wala mimi sikuwa nimempa namba.

Kilikuwa kipindi cha asubuhi, watu wamejaa kwenye benchi la nje. Nilikuwa nimetoka kunawa kwa ajili ya mama mmoja aliyeungua na uji. Nimenawa kikamilifu, kwa hatua zote, gumba mara mbili. Natoka kwenye ndoo naelekea chumbani, mikono nimeiinua mbele ya kifua kama nilivyoona kwenye skrini, maji yanatiririka kwenye viwiko. Nikakutana naye uso kwa uso.

Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Alinyoosha mkono, akatabasamu, akasema kwa sauti ya kusikika na benchi zima, "Mkwe wangu huyu!"

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Shikamoo baba," nikasema, mikono yangu bado juu. "Samahani, nimeshanawa."

"Marahaba," akasema. Mkono wake ukabaki pale pale. Mkono wa mkulima ni mzito hata kuutazama, una sugu, una nyufa, na udongo wa Mgeta hauishi kwenye kucha hata ukioga mara ngapi. Alikuwa ameunyoosha mbele ya watu kama kumi na tano. Ukakaa, ukakaa, kisha akaurudisha polepole, akautia mfukoni mwa koti.

Ningeweza kuupokea na kurudi kwenye ndoo. Mafunzo yenyewe yalisema hivyo, wala si mara moja: ukigusa, nawa tena. Nilikuwa nalijua hilo palepale niliposimama. Nimejaribu mara nyingi kujitetea kwamba ndoo ilikuwa inakaribia kuisha, na ni kweli ilikuwa inakaribia kuisha. Lakini si hilo lililonirudisha nyuma. Kilichonirudisha nyuma ni kwamba watu walikuwa wanatazama, na nilijiona napendeza vile nilivyosimama.

"Kaa hapo baba, nakuja sasa hivi," nikamwambia.

Nilipomaliza na yule mama aliyeungua, nikatoka. Hakuwepo. Mhudumu wa usafi, yule niliyemrudisha kunawa mara mbili, alikuwa anafagia.

"Yule mzee wa koti yuko wapi?"

"Ameondoka."

"Amesema nini?"

"Hakusema kitu," akajibu, akiendelea kufagia. "Alikaa kidogo, akasimama, akaenda. Anachechemea."

Jioni nilimkuta mke wangu ameshajua. Habari za Mgeta husafiri na malori, na shangazi yake anauza mboga sokoni. Alikuwa anachambua mchele, na aliendelea kuchambua.

"Umemnyima baba yangu mkono?"

"Nilikuwa nimenawa."

"Ungenawa tena."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maelezo marefu, yenye vijidudu ndani yake na hatua za kunawa. Hayo maneno mawili yakayafuta yote.

"Kidonda chake umekiona?" akaniuliza.

"Hapana."

"Kwa hiyo amepanda lori, ameteremka mlima mzima, amefika kwa mkwe wake muuguzi, na amerudi na kidonda chake."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Kisha akaniambia kwamba Jumamosi ninakwenda Mgeta, na kwamba yeye haendi, kwa sababu hataki kuwepo wakati naulizwa.

Jumamosi nilipanda lori tupu lililokuwa linarudi juu kuchukua kabichi. Nilikaa nyuma juu ya magunia matupu. Nilikuwa nimebeba bendeji, pamba, dawa ya kidonda, sabuni mpya, na pakiti mbili za sukari. Pia nilikuwa nimebeba cheti. Nilikitoa ukutani Ijumaa jioni, nikakitia kwenye bahasha ya plastiki kisikunjike. Nilikuwa nimefikiri wiki nzima na nikaona kwamba mzee akikiona ataelewa haikuwa dharau, ilikuwa taaluma. Hata sasa nikikumbuka najisikia joto masikioni.

Lori liliniacha pale barabara inapoishia kwa magari. Nikapanda kwa miguu karibu saa nzima, nikipishana na akina mama wanaoteremka na mizigo ya karoti, wakinipa pole kwa jinsi nilivyohema. Baba mkwe alikuwa nje ya nyumba, amekaa kwenye kigoda, mguu umenyooshwa juu ya gogo, umefungwa kitambaa cha kanga. Mama mkwe alikuwa anamenya njegere.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba," wakaitikia wote wawili. Hakunyoosha mkono. Mimi nikanyoosha wangu, na ukabaki hewani kwa muda ambao niliustahili, mpaka akaupokea kwa ncha za vidole.

Nikasema samahani. Nilisema vibaya, maneno yaligongana, nikaona siendi popote, nikatoa bahasha ya plastiki. Nikamkabidhi cheti.

Alikigeuza upande huu na upande ule. Shule alisoma, Kiswahili alikuwa anasoma vizuri tu, lakini hiki kilikuwa cha Kiingereza.

"Kinasemaje?"

"Kinasema nimehitimu usafi wa mikono."

"Yaani?"

"Yaani… kwamba najua kunawa mikono, baba."

Akakitazama tena, ule ukingo wa dhahabu. Mama mkwe aliacha kumenya.

"Na hiki wamekupa lini?"

"Mwaka huu."

"Mwaka huu," akasema. Akaniangalia kichwani, kwenye mvi zangu chache, akakirudisha kwenye bahasha kwa uangalifu mkubwa.

Sikuwa na njia nyingine ila kuanza kazi. Nilimwomba mama mkwe maji yaliyochemshwa, akaleta sufuria moja na beseni. Majirani wawili watatu walikuwa wameshasogea, kama kawaida ya kule mgeni akija. Nami, badala ya kunyamaza na kufanya, nikaanza kufundisha. Niliwaeleza kila hatua. Mama mkwe akinimiminia, nikasugua viganja, nikasugua katikati ya vidole, nikafika kwenye gumba nikawaambia kwamba hapa ndipo wengi wanaposahau, kana kwamba elimu hiyo niliigundua mwenyewe. Nilitumia karibu sufuria nzima. Nikaiinua mikono ikauke. Majirani walikuwa kimya, nikadhani ni kwa kuvutiwa.

Nikapiga magoti mbele ya mguu. Simu ikalia.

Nyumba yao imekaa kwenye ukingo unaotazama bonde, na kumbe mtandao unafika. Mimi mwenyewe nilishangaa. Simu ikalia kiunoni kwa ule mlio wake mkali, majirani wakashtuka, na mimi, sitaficha, nikafurahi. Watu wa Mgeta wangeniona napokea simu. Nikafungua kifuko cha ngozi, nikaichomoa, nikaibonyeza, nikaipeleka sikioni.

Alikuwa mama mfawidhi. Alitaka kujua ufunguo wa kabati la dawa uko wapi. Nikaingiza mkono wa pili mfukoni, nikaukuta. Ulikuwa Mgeta, pamoja na mimi. Akasema maneno ambayo, kwa heshima ya umri wake, siwezi kuyaandika, akakata. Nikairudisha simu kwenye kifuko, nikaurudisha ufunguo mfukoni, nikanyoosha mikono nifungue kile kitambaa cha kanga.

Baba mkwe akauvuta mguu wake nyuma.

"Ngoja," akasema.

"Nini baba? Inauma?"

"Mkono wangu mimi ulikuwa mchafu."

Sikumwelewa. "Tuyaache hayo baba, nimeshaomba radhi."

"Sigombani. Nauliza tu." Akaelekeza kidole kiunoni kwangu. "Hicho nacho huwa unakinawisha?"

Kilichofuata ni kicheko cha mama mkwe. Alijaribu kukizuia kwa upande wa kanga, kikamshinda, akainama juu ya ungo wa njegere akitetemeka mabega. Majirani wakamfuata. Mmoja alikwenda kucheka nyuma ya nyumba kwa heshima. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, mikono mbele. Niliitazama ile mikono. Niliwaza mahali simu ile imepita: mezani kwangu kazini, juu ya kitanda cha wagonjwa, kwenye gunia la lori, na kila siku mikononi mwangu katikati ya kidonda kimoja na kingine. Kwa wiki zote zile nilizowahesabia wenzangu sekunde, nilikuwa nanawa, naipapasa simu, nafunga kidonda. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu nilikuwa nimeshakuwa mtu asiyeambiwa.

"Hapana baba," nikasema. "Sikinawishi."

"Basi nawa."

Maji yalikuwa yameisha. Ikabidi mama mkwe aende kuchota mengine, ayabandike, na sisi tusubiri yachemke. Majirani walitawanyika, wana haraka ya kufika kwa wengine na ile habari. Tukabaki wawili. Nilimkabidhi mama mkwe simu apite nayo, akaenda kuitumbukiza kwenye kapu la vitunguu.

Baba mkwe akaniambia, akitazama bonde, kwamba siku ile pale kituoni, kwenye benchi walikuwepo watu wanne wanaomjua. Wawili wananunua kabichi zake.

"Nikajiuliza, labda ameona nina ugonjwa," akasema. "Nyie wataalamu mnaona vitu. Njia nzima kwenye lori nilikuwa najitazama mikono."

Hilo ndilo lililoniuma, zaidi ya kicheko. Nikamwambia hakuwa na ugonjwa wowote. Nikamwambia nilikuwa najionyesha. Ni neno ambalo nilikuwa sijamwambia mtu yeyote, na hata mke wangu nilimwambia baadaye sana, na kwa maneno laini zaidi.

"Ulikuwa unajionyesha," akarudia. Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepewa bei na kuiona ya kweli. "Mimi nilipopata baiskeli ya kwanza niliizungusha uwanja wa kanisa wiki mbili. Sikuwa na pa kwenda."

Maji yalipochemka na kupoa nilinawa tena, kimya kimya. Nikafungua kitambaa. Kidonda kilikuwa kibaya kuliko nilivyotarajia, kimetanua kingo na kina usaha, na hizo siku nne tano alizorudi nacho hazikukisaidia. Nilikisafisha, naye alivumilia bila kutoa sauti, akikunja vidole vya mguu tu. Nilirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine mbili baada ya hapo, kila mara kwa lori tupu, na simu nikiiacha kwa mke wangu, ambaye aliitumia. Kidonda kilianza kujaa nyama kutoka pembeni. Kufikia wakati wa kuvuna njegere kilibaki kovu la rangi ya waridi, naye akawa anapanda miteremko yake kama zamani, akinisubiri juu nifike.

Nilikwenda pia kwa fundi, siku ya katikati ya juma, laini ikiwa nyepesi kama alivyosema. Nikalifungua somo la nne. Dakika kumi na mbili. Ile mikono mirefu ikagusa pazia la kitanda, ikagusa faili la mgonjwa, ikagusa kalamu, ikagusa simu ya mezani, na kila mara sauti laini ikauliza kama sasa iko tayari kumgusa mgonjwa. Fundi alitazama pamoja nami akiwa amesimama. Nilipomsimulia yaliyonipata, alicheka mpaka akakaa.

Kituoni tulipigilia msumari nje ya chumba cha vidonda, na kifuko changu cha ngozi ndicho kikawa cha kwanza kuning'inia pale. Kwa yule mhudumu wa usafi nilikwenda mwenyewe, nikamwambia alikuwa ananawa vizuri siku zote. "Najua," akasema. Cheti nilitaka kukiacha nyumbani, mama mfawidhi akadai kirudi ukutani, kwa sababu kilikuwa kinaficha ufa.

Baba mkwe naye akawa anaisimulia habari ile. Alikuwa mtu wa maneno machache, nilishasema, lakini kwa hii alijitahidi. Aliisimulia kwenye misiba, kwenye mizani ya mboga, na kwa wenye malori. Kila mwaka iliongezeka. Ya mwisho niliyoisikia nikiwepo mwenyewe, simu ililia mara tatu, nami nikaipokea mara zote tatu kwa Kiingereza, nikitembea huku na huku shambani, nikamkanyagia kabichi mbili.

"Ni kweli ulizikanyaga?" mgeni mmoja akaniuliza.

Mzee akanitazama, anasubiri niseme.

"Tatu," nikasema.